Kijishamba cha halmashauri wakati wa baridi: kwa mnaoanza

Wengi wenu hapa Uingereza mnapata kijishamba chenu, yaani kiwanja cha kulima mnachokodi kwa halmashauri (allotment), Oktoba au Novemba, mpangaji wa zamani akishajitoa. Umesubiri kwenye orodha miaka, halafu unakabidhiwa ufunguo wa geti na kuonyeshwa kiwanja chenye magugu ya magotini na tope. Kijishamba kamili kwa kipimo cha zamani ni kama mita za mraba 250, ingawa siku hizi wapya wengi hupewa nusu yake. Aliyekulia Kisii au Mbeya, wazo lake la kwanza ni jembe. Nawaomba jembe likae kwanza.

Hapa Leicester udongo wetu mwingi ni mfinyanzi. Kwetu Afrika Mashariki mvua ikikatika asubuhi, mchana jua limeshaukausha udongo na unaweza kulima. Hapa mwezi Desemba urefu wa mchana ni kama saa nane tu, saa kumi jioni ni giza, na jua lenyewe halina nguvu ya kukausha chochote. Udongo hubaki umelowa wiki hadi wiki. Ukiukanyaga au kuulima ukiwa hivyo, vile vinafasi vidogo vinavyopitisha hewa na maji hujifinya, na ukifika Aprili unapambana na matofali. Chukua donge, livingirishe kiganjani. Likikubali kunyooka kama kamba inayong'aa, toka shambani. Likimeguka vipandevipande, unaweza kugusa. Ukilazimika kupita kwenye tuta, tandika ubao na ukanyage huo.

Kazi ya kipindi hiki ni kufunika. Pita maduka ya baiskeli na ya friji uombe maboksi makubwa, bandua selotepu, ng'oa pini, yatandaze juu ya magugu yaliyokatwa huku yakipishana vizuri ili mwanga usipenye, uyalowanishe, kisha mwaga juu yake samadi iliyooza au mboji, unene wa sentimita kumi hivi. Minyoo itafanya ulimaji kwa niaba yako. Magugu ya mwaka mmoja yatakufa. Yale ya mizizi mirefu hayamaliziki kwa msimu mmoja, mtaonana tena. Mazulia ya zamani msiyatumie hata mkipewa bure, kwa sababu halmashauri nyingi zimeyakataza. Kama unahofia barua ya onyo kwamba hulimi, mweleze mapema katibu wa eneo lenu la vijishamba mpango wako.

Sasa samadi, na hapa nisikilizeni kwa makini. Mazizi ya farasi pembezoni mwa mji hutoa samadi bure, na mtu mpya huona ameokota dhahabu. Lakini kuna dawa ya magugu iitwayo aminopiralidi inayopulizwa kwenye malisho. Farasi anakula nyasi, dawa inapita tumboni bila kuharibika, inakaa ndani ya samadi na ndani ya mboji iliyotokana nayo. Nyasi na mahindi haiyadhuru; nyanya, viazi, maharage na njegere huvitesa vibaya. Muulize mwenye zizi nyasi zake zimepuliziwa nini, ila usiishie kwenye jibu lake. Changanya samadi hiyo na udongo safi nusu kwa nusu, jaza vikopo vitatu vinne, panda maharage ya fava (broad beans), weka dirishani nyumbani. Jaza vingine udongo safi mtupu upate cha kulinganisha. Baada ya wiki chache tazama majani ya juu kabisa. Yakifunguka bapa, tumia samadi yako kwa amani. Yakijikunja kama vikombe, membamba na yamesokoteka ilhali ya vikopo vya udongo safi yamenyooka, samadi hiyo isiingie kwenye matuta. Baridi ndiyo nafasi ya jaribio hili. Mei hamtakuwa na muda.

Kama kuna kipande kimoja tu ambacho hakijalowa sana kabla ya Krismasi, kipeni kitunguu saumu. Kinahitaji wiki kadhaa za baridi ili kigawanyike punje; kikipandwa mwishoni mwa Machi mara nyingi hutoa kitunguu kimoja cha duara. Punje moja moja, ncha juu, sentimita kumi na tano kati yake, zikifukiwa kidogo tu. Ndege huzichomoa, zirudishieni.

Mkirithi sukuma wiki au kabichi zilizosimama, msizing'oe. Sukuma wiki iliyopigwa jalidi (umande ulioganda kuwa barafu) huwa tamu zaidi, maana mmea hujiongezea sukari ili usigande. Adui yake ni njiwa pori, ambao Januari hubakiza vijiti tu. Wavu uinuliwe kwa nguzo, usilale juu ya majani, la sivyo wanadonoa kupitia matundu.

Mitufaha na mipea hupogolewa sasa, ikiwa imelala. Miplamu na micheri iacheni hadi kiangazi, kwa kuwa kidonda cha baridi hukaribisha ugonjwa wa ukungu unaoua matawi. Rundo la takataka lililokaa muda mrefu msilichome kabla ya kulihamisha lote, kalunguyeye hulala humo miezi hii. Na maji: sehemu nyingi bomba hufungwa mpaka majira ya kuchipua ili lisipasuke, kwa hiyo tafuta pipa la kukinga mvua ya paa la kibanda.

Mbegu nunueni Januari, jioni zikiwa ndefu. Pilipili huanza Februari dirishani, mahali penye joto na mwanga, kwani hukua polepole. Mahindi yasubiri Aprili ndani ya nyumba na yatoke nje mwisho wa Mei, jalidi ikishapita. Mchicha nao mwisho wa Mei au Juni, hata kama Aprili itakuwa na wiki ya jua. Udongo bado ni wa baridi na mbegu itaoza au italala. Viazi vya mbegu vipangeni kwenye trei za mayai kuanzia mwishoni mwa Januari, upande wenye macho mengi ukitazama juu, katika chumba baridi chenye mwanga. Gizani huchipua machipukizi marefu meupe yanayokatika yakiguswa. Yanayotakiwa ni mafupi, manene, yenye rangi ya zambarau au kijani, ya kuingia ardhini Machi.