Haki ya bunduki Marekani ilianzia wapi?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi niko Ngamiani, Tanga. Hapa kijiweni tumebishana sana, mwenzetu anasema Wamarekani wana haki ya bunduki sababu ya makampuni ya silaha, mi nakataa. Huku kwetu gobore tu bila kibali unalala ndani, wao mpaka kwenye Katiba ipo, ilianzaje?

JIBU: Ndugu yangu uko sahihi, makampuni yamekuja baadaye. Mzizi uko Uingereza. Mfalme James II, Mkatoliki, alinyang'anya Waprotestanti silaha huku anajijengea jeshi lake, alipong'olewa Bunge likaandika mwaka 1689 kwamba Waprotestanti waruhusiwe silaha za kujilinda, kwa kadiri ya sheria. Walowezi wa Marekani nao walijihesabu Waingereza, wakasema haki hiyo ni yetu pia, tena kule ulinzi ulikuwa wa mgambo, mtu anakuja na bunduki yake toka nyumbani.

Ugomvi wenyewe sasa ukaja kwenye baruti. Septemba 1774 Jenerali Gage, mkuu wa majeshi ya Uingereza kule Marekani, alituma askari alfajiri wakazoa baruti iliyokuwa ghalani karibu na Boston, Oktoba mfalme George III akazuia silaha na baruti zisipelekwe makoloni. Aprili 19, 1775 askari wakatoka tena kwenda Concord kusaka silaha, njiani Lexington wakakuta mgambo wamejipanga, watu wakafa. Siku chache baadaye Gage akawaambia watu wa Boston leteni bunduki, kila mtu aandike jina kwenye yake, halafu ruksa kuondoka mjini. Wakasalimisha bunduki 1,778 na bastola 634, kisha akaanza kuwabania vibali vya kutoka! Hapo mimi naona hasira yao kabisa. Kizazi hichohicho ndo kilipitisha Marekebisho ya Pili ya Katiba, yale yenye haki ya bunduki, mwaka 1791, ndo maana yanaanza kwa kutaja mgambo.

Ila haikuwa haki ya wote, hili mwambie mwenzako pia. Virginia sheria ya 1640 iliwataka wenye nyumba wawape watu wao silaha isipokuwa weusi, na sheria ya mgambo ya 1792 iliandikisha wanaume wazungu huru tu, miaka 18 mpaka 45. Kule kusini mgambo hao walitumika kuwadhibiti watumwa, anayekusimulia historia hii akaruka hapo kakuficha nusu nzima.

Kama ni haki ya mgambo au ya mtu binafsi, Mahakama ya juu kule iliamua 2008 kuwa ni ya mtu binafsi, majaji 5 kwa 4, na tamko la 1689 wakalitaja kwenye hukumu.