Kuyafikia Maporomoko ya Maji Mahali Pasipo na Njia

Anayekusudia kwenda kwenye maporomoko ya maji yaliyo ndani kabisa ya msitu, mahali pasipo na njia, namshauri aanze kwa kupanga namna ya kurudi. Kwenda kuna msaada wa mto wenyewe, lakini wakati wa kurudi kila mti na kila jiwe huonekana kwa upande usiouzoea, na hapo ndipo wengi hupotea. Ndiyo maana nikiwa msituni hugeuka nyuma kila baada ya hatua kadhaa na kuitazama sura ya mahali nilipopita, hasa kwenye makutano ya vijito.

Ramani yenye mistari ya mwinuko, yaani mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja, isomwe nyumbani kwa utulivu. Mistari hiyo inapobanana na kuukata mto, hapo pana genge, na mara nyingi ndipo maji yanapoporomoka. Usielekeze dira moja kwa moja mahali hapo, kwa sababu ukiufikia mto bila kuyaona maporomoko hutajua kama yako juu yako au chini yako. Lenga kwa makusudi sehemu ya mto iliyo chini yake kidogo. Ukishaufikia, utapanda kuelekea chanzo bila shaka yoyote, tena utatokea kwenye kitako cha maporomoko badala ya kutokea ukingoni mwa genge. Usitegemee sauti peke yake, kwani kuta za korongo huirudisha kutoka pande zisizo zake. GPS nayo hukosea chini ya miti mizito na ndani ya makorongo, hivyo dira na ramani ya karatasi visiachwe.

Kuhusu muda, kanuni aliyoitoa mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, mwaka 1892 inakadiria saa moja kwa kila kilomita 5 za kutembea, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kanuni hiyo haikukusudiwa vichaka na magogo yaliyooza. Mahali pasipo na njia, kilomita moja yaweza kumaliza saa nzima au zaidi. Panga saa ya kugeuka na uiheshimu hata kama ngurumo ya maji inasikika karibu, maana giza huingia chini ya miti mapema kuliko mahali pa wazi.

Jambo ninalolihofia kuliko yote ni maji kujaa ghafla. Mvua yaweza kunyesha juu milimani huku kwako jua likiwaka. Maji yakianza kubadilika rangi, yakaleta majani na vijiti, au mvumo wake ukawa mzito, panda ukingoni mara moja, wala usisubiri kukusanya vitu. Usisimame chini kabisa ya maporomoko, kwa sababu mawe na magogo huanguka pamoja na maji, na usiikaribie kingo ya juu, ambako mawe yana ukoga unaoteleza hata yanapoonekana makavu.

Beba filimbi: ishara ya kuomba msaada milimani ni milio sita ndani ya dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, halafu unarudia. Mtu unayemwamini aachiwe maandishi yanayoeleza utakakoingilia, utakakotokea, na saa ambayo, ikipita bila habari zako, atapaswa kuwaita waokoaji.