Mwongoza ndege anamsaidiaje rubani asiyeona mbele? Mimi nilisaidiwa

Mkuu umeuliza mwongoza ndege amekaa zake chini, usukani hashiki, sasa rubani aliyemezwa na wingu anamsaidia nini, na je rubani akikiri amezidiwa si ananyang'anywa leseni? Ngoja nikujibu kwa yaliyonikuta.

Mi urubani nilisomea uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Ilikuwa mwezi wa nane, nina leseni ya binafsi tu, ya kuruka kwa kutegemea vyombo (yaani kusoma saa za ndani ya ndege bila kuona nje) sina, natoka Maasai Mara na kindege kidogo cha Cessna 172, nimempakia binamu yangu. Wanaoijua Nairobi wanajua miezi ile mawingu yanavyolala juu ya milima ya Ngong asubuhi, na kilele cha Ngong ni zaidi ya futi 8,000 wakati Wilson iko kwenye 5,500 hivi. Nikaona kiuwazi kati ya mlima na wingu nikasema napenya hapo. Kosa langu mwenyewe, simsukumii mtu. Dakika haijaisha kukawa kweupe pande zote, juu na chini hujui.

Sasa hapa ndo wengi hawaelewi, shida sio kutoona njia, shida ni mwili kukudanganya. Usawa unaupata kwenye sikio la ndani, na ndege ikianza kulala taratibu sikio halishtuki kabisa, unajihisi umenyooka huku bawa la kushoto limeshainama, ukiliinua unahisi unaangukia kulia, basi unalirudisha kulekule. Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1954 walijaribu marubani 20 wasio na mafunzo ya vyombo, wakawaziba wasione nje, wote 20 ndege ikawashinda, wastani sekunde 178. Hata dakika tatu hazifiki!

Nikaita apruchi ya Nairobi, yaani waongoza ndege wanaoshughulika na ndege zinazokaribia kutua, nikasema niko ndani ya wingu na sina leseni ya vyombo. Akajibu mama mmoja, sauti ya taratibu mno. Tuliongea Kiingereza cha redio ila maana ndo hii: "Nyoosha mabawa kwanza. Usinijibu, fanya tu." Akanyamaza. Alafu: "Panda hadi futi 9,500, usikate kona yoyote." Akanyamaza tena. Yaani jambo moja, anasubiri liishe, ndo anatoa lingine. Kuna rubani alitaka kudakia kwenye redio, akaambiwa asubiri. Na hakunihamisha masafa hata mara moja, nilikuja kuelewa baadae kwa nini: ukiinamisha kichwa kubadilisha namba za redio ukiwa ndani ya wingu, kizunguzungu kinakuchukua hapohapo.

Nilipofika kimo cha usalama juu ya mlima ndo akasema kata kulia polepole, nitakwambia uache lini. Nikakata, macho yangu yote kwenye ile saa ya upeo wa bandia, inayoonyesha kama ndege imelala au imenyooka, kompasi sikuisoma kabisa, ye ndo alikuwa ananihesabia kwenye rada yake. "Acha." Hata mafuta na idadi ya watu aliniuliza baada ya hapo, alipoona ndege imetulia.

Mi akili yangu yote ilikuwa Wilson, maana ndo nyumbani. Yeye hakunipeleka Wilson. Alinigeuza kusini kuelekea Magadi, kule bondeni ardhi iko chini sana na joto lake huwa linachana mawingu, akawa anauliza marubani wengine hali ya hewa ya huko huku mimi nasikia, na kwa kweli kule kusikia tu kwamba mbele kuna watu wanaona ardhi kulinipa nguvu. Ilipita kama robo saa, nikaliona lile ziwa jeupe la magadi limetandaa chini. Binamu alikuwa analia kimyakimya muda wote, sikujua.

Kuhusu leseni: niliandika ripoti, nikaitwa nikahojiwa, mwalimu akanirudisha darasani masaa kadhaa, leseni nikabaki nayo. Wanafunzi mnaosoma hapa, mtu ukianza tu kuwa na wasiwasi sema, tena sema ukiwa bado unaona ardhi. Kama hujui umwite nani kuna 121.5, masafa ya dharura, na transponda, kile kifaa kinachotuma namba ya ndege yako kwenye rada, weka 7700, namba ya dharura. Yule mama nilikuja kwenda kumsalimia, akaniambia kilichomsaidia ni kwamba niliita mapema, wengi wanaita wakati yeye hana tena muda wa kuwapandisha.