Re: Tabo inakuwa nyekundu nikipanda Sekenke na mzigo

Mkuu, umesema fundi alifungua pampu ya dizeli imwage mafuta zaidi gari ipate nguvu na sasa ukitokea Igunga na mzigo, kwenye mlima wa Sekenke tabo (ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi kusukuma hewa kwenye injini) inawaka nyekundu na moshi mweusi kibao. Hapo mafuta yamezidi hewa. Injini ya dizeli ukiiongezea mafuta bila kuongeza upepo joto la ekzosi linapanda tu, maana yanachelewa kuungua na mengine yanamalizikia kwenye manifoldi, lile bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini.

Ila usikimbilie pampu kwanza. Pitisha mkono chini ya mipira ya intakula (rejeta inayopoza upepo wa tabo kabla haujaingia kwenye injini) pale kwenye klampu, ukikuta oili imeganda na vumbi ujue upepo unavujia hapo, halafu hiyo intakula yenyewe ioshe, vumbi letu la Dodoma linaziba mapezi vibaya sana. Noozeli zinazopulizia dizeli nazo zipimwe. Kama vyote viko sawa basi pampu irudishwe ilivyokuwa, nguvu ya hivyo inapasua manifoldi na kuyeyusha pistoni.

Weka geji ya joto la ekzosi pale kwenye manifoldi, moshi ukiwa haujaingia kwenye tabo, ikikaribia nyuzi 700 za Selsiasi na inakaa hapohapo punguza mguu, shusha gia mapema. Na ukifika juu usizime ghafla kaka, iache silensa, yaani injini iungurume taratibu gari limesimama, dakika chache oili isiungulie kwenye tabo.