Shangazi, niiuze kamera?

*Assalaam alaikum Shangazi, na shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Maskati. Kila mwaka skuli zikifungwa tunakwenda Salalah, kusini mwa Oman, kwa gari kukimbia joto, sisi na mama yangu mzazi. Miaka minne iliyopita nilinunua kamera nzuri, na tangu hapo kupiga picha ndiyo starehe yangu. Sasa mume wangu anasema matembezi yamegeuka kazi, ati nyumba nzima tunaitumikia kamera. Mwaka jana pale bonde la Wadi Darbat niliwaambia watoto warudi wapande tena jiwe, kwa sababu mara ya kwanza ngamia hawakuwamo kwenye picha. Mdogo akaangua kilio. Binti yangu wa miaka 13 akajifunika mtandio uso mzima mpaka tukarudi tulikofikia. Na mume wangu hajasahau kwamba nilimsimamisha kwenye mteremko wa kuingilia Salalah nishuke niupige ukungu. Mwaka huu anasema ama kamera ama yeye, mmoja abaki nyumbani. Shangazi, mama yangu alitoka Unguja 1964 akiwa na miaka 12, hana hata picha moja ya babake. Sitaki wanangu yawakute hayo. Nina picha zaidi ya 6,000, nyingi nzuri, isipokuwa ile ya mama anakunywa dafu, imetikisika. Niiuze?*

Marahaba mwanangu, na waalaikumu salaam.

Usiiuze. Hilo limekwisha. Sasa kaa nikuseme, maana nina neno la mumeo na nina yako, na yako ni mengi.

Nianze na ule mteremko ili nipumue. Njia ya kutoka Thumrait kushuka Salalah wakati wa kharif, msimu wa ukungu na manyunyu, naijua, nimeipita usiku na mchana. Unatoka jangwani jua kali, ghafla umeingia ndani ya wingu, huoni taa za gari la mbele yako, na ngamia wanajitokea tu barabarani kama wamemwagwa. Hapo ndipo ulipomsimamisha mumeo, mamako na watoto wako garini, ukashuka na kamera? Hapo sikuungi mkono hata kidogo. Ukungu uleule utaukuta juu ya mlima, kwenye maegesho, kaburini kwa Nabii Ayubu, popote. Mwombe radhi mumeo kwa hili kabla ya jambo jingine lolote, na usiweke "lakini" mwishoni. Nadhani nusu ya ugomvi wenu iko hapo. Mwanamume aliyeendesha kilomita 1,000, kalala njiani Haima kwenye godoro gumu, kisha akatiwa hofu ile, ataichukia kamera hata ikiwa ya dhahabu.

Tuje kwa watoto.

Unasema uliwarudisha juu ya jiwe kwa sababu ya ngamia. Mwanangu, Darbat ngamia hawakosekani. Ungekaa dakika kumi, ukawamiminia wanao chai, wangekuja wenyewe na kuwalia vitumbua. Mtoto akipanda jiwe mara ya kwanza amepanda jiwe. Mara ya pili amepandishwa, na sura yake kwenye picha inasema hivyo hivyo, hata umrekebishe rangi usiku kucha. Kwa hiyo mwaka huu hakuna "rudieni". Ikikupita imekupita.

Na usiniambie habari za mwanga, maana najua wapiga picha mnavyojitetea: jua linazama, mwanga unaondoka, nipeni dakika mbili. Kwingine sawa. Salalah kuanzia mwisho wa Juni hadi Septemba mbingu imefunikwa, mwanga ni laini saa nne asubuhi na ni laini saa tisa mchana, hakuna kivuli kikali cha kukimbizana nacho. Maskati digrii 45 wewe ungekuwa na sababu ya kuharakisha watu. Kule ziko 25 na manyunyu. Hakuna kinachokukimbiza ila wewe mwenyewe.

Nitakupa na siri ambayo marehemu mume wangu aliijua kwa machungu. Yeye alikuwa na kamera ya Yashica, na mkanda mmoja wa picha 36 ulikuwa wa safari nzima. Siku ya kwanza tulipofika alikurupuka kutoka ndani ya gari, kiyoyozi kimempiga njia nzima, akafyatua, akafyatua. Mkanda ulipokwenda kusafishwa, picha saba za mwanzo zilikuwa moshi mtupu. Lenzi ilikuwa baridi, hewa ya nje imejaa maji, ikatoka jasho kama gilasi ya sharubati. Basi kamera yako uiache ndani ya mkoba uliofungwa, ukifika usiufungue robo saa, dakika 20, mpaka kioo kizoee hewa. Na wakati huo wewe teremka. Tandika mkeka, shika mkono wa mdogo, nenda naye mkaitazame ng'ombe. Kamera ikiwa tayari na wewe utakuwa umeshafika.

Muda wako peke yako pia uutake, tena uutake kwa sauti. Nyumba inalala baada ya alfajiri mpaka saa tatu. Hizo ni saa zako. Nenda kwenye mashamba ya minazi ukungu haujapanda, upige mpaka uchoke, na hakuna atakayelia. (Ukiona picha za ukungu zinakuwa za kijivu kama maji ya mchele, pandisha mwanga hatua moja. Kamera inadanganyika na ule weupe. Ufukweni Mughsail, ile chumvi inayoruka mawimbi yakipanda kwenye matundu ya mwamba, ipanguse kwanza na kitambaa chenye unyevu, ukisugua kikavu unakwaruza kioo.) Mume wako usimbebe kwenye matembezi haya isipokuwa aombe. Binti akitaka kukufuata, mchukue.

Na huyu binti ndiye aliyenikalisha nikafikiri. Miaka 13 anaingia umri wa kuutazama uso wake kwenye kioo na kuukataa. Wewe unaupiga, halafu, wacha nikisie, unautuma kwenye kundi la familia, shangazi zake wa Dubai na London wanaandika mashaallah amekuwa mkubwa, na wengine wanauweka kwenye stetasi. Hukuniandikia hivyo, lakini mtoto hajifuniki mtandio mchana kutwa kwa sababu ya jiwe. Kaa naye, kabla ya safari, mfungulie picha zake zote za mwaka jana, asizozitaka azifute mwenyewe wewe ukitazama. Zitakufa nzuri. Ziache zife. Kisha umwambie kuanzia leo hakuna picha yake inayotoka nje ya nyumba hajaiona. Usimwombe abadilike, usimpe kamera kumtuliza. Ngoja.

Sasa mama yako.

Umeandika kwamba hana picha ya babake, na hapo nilikuelewa kwa nini unapiga kama mtu anayeokoa vyombo nyumba inaungua. Sisi wa rika lake tunayajua hayo, watu waliondoka na bahasha moja na wengine bila. Lakini nikwambie la mtu aliyebahatika. Mimi ninayo picha ya babangu. Moja. Kasimama studio Mji Mkongwe, kofia ya viua, kanzu imepigwa pasi, mkono umekaa juu ya kiti ambacho si chake. Siku zile mtu alikwenda kwa Mzee Oza, pale Capital Art iliyofunguliwa 1930, au kwa mwingine, akasimamishwa, akaambiwa usitikisike, akalipa, akaenda zake. Nimeitazama miaka zaidi ya hamsini. Kofia yake naijua ushono kwa ushono. Alivyokuwa akicheka sijui.

Mama yako hana picha lakini, nina hakika, anajua. Umewahi kumuuliza? Ule upepo unaoleta manyunyu Salalah ni kusi yetu hii hii, iliyokuwa ikipandisha majahazi kutoka Unguja kwenda Arabuni. Unafika Dhofar, mkoa wenye Salalah, umebeba unyevu, unakuta bahari imepoa kwa maji yanayopanda kutoka chini, unageuka ukungu, na milima inauzuia pale pale, nyuma yake ni mchanga tu. Ndiyo maana yapo madafu, ndizi, mapapai na miwa kwenye vibanda vya barabarani, na moshi wa mishikaki. Bibi aliyetoka Unguja na miaka 12 akisimamishwa mbele ya kibanda kile, kinywa kinafunguka chenyewe. Anaanza: nyumbani kwetu kulikuwa na mnazi, baba alikuwa akitutuma... Na hapo ndipo sauti yako inaingia, "Mama, geuka kidogo huku." Nakuona kabisa.

Mwaka huu pale kwenye madafu weka simu juu ya meza irekodi, kamera usiiguse, muulize babake alikuwa mtu gani. Alikuwa mfupi? Alipenda nini? Alimwitaje? Wajukuu wakae wasikilize, wakichoka waende kula mishikaki, si lazima.

Zile 6,000 hakuna aliyeziona, na wewe mwenyewe unajua. Zimelala kwenye kompyuta. Chagua 30, zipeleke zikachapishwe kwenye karatasi, nunua albamu ya kawaida, mpe mama yako ashike mkononi. Nyuma ya kila moja andika kwa kalamu nani, wapi, mwaka gani. Uwe na picha mbili tatu ambazo na wewe umo, akupige mumeo, hata akikukata kichwa.

Na ile ya dafu iliyotikisika usiifute. Nadhani alikuwa amesema jambo na mkono wako ukacheka. Iwe ya kwanza kwenye albamu. Ukikumbuka alikuwa amesema nini, liandike nyuma yake.

Shangazi