Data za msingi au za awali?

SWALI: Tasnifu yangu inahusu wasiwasi wa mtihani miongoni mwa wanafunzi wa hapa Kisumu. Niliandika "data za msingi" na "data za upili". Msimamizi amekata "msingi" akaweka "awali". Nimekosea? Naambatisha aya mbili.
Mwanafunzi, Kisumu

JIBU: Hujakosea; "data za msingi", yaani zile ulizokusanya mwenyewe kwa swali lako, hutumika sana. Hata hivyo kalamu yangu nayo ingetua hapohapo, kwenye "awali". Msingi hubeba maana nyingine, kama wa nyumba, hivyo msomaji aweza kudhani unasema data muhimu kuliko nyingine. Au data za shule ya msingi! Usicheke, nimeshaulizwa, na wewe utafiti wako uko shuleni. "Awali" haina mzigo huo. "Upili", yaani data alizokusanya mtu mwingine kwa kazi yake, iache ilivyo.

Kinachonitia shaka zaidi ni aya yako ya pili, unakoita upili kila kitu ulichokisoma kwenye karatasi. Karatasi si hoja hapa. Uliza: nani alikusanya, na kwa swali gani? Shajara ulizowaomba wanafunzi waandike wiki ya mtihani ni data za awali, sawa na hojaji zako. Lakini daftari la mwalimu wa ushauri nasaha, ambalo yeye alilijaza kwa kazi yake, kwako ni upili.

Wanaolijua soko la Kibuye hapo Kisumu watanielewa: data za awali ni nguo ya fundi aliyekupima mabega, za upili ni mtumba. Mtumba waweza kuwa kitambaa bora kuliko cha fundi, ila ulishonwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Mwalimu aliandika "analia ovyo". Wewe ulitaka kiwango cha wasiwasi kutoka 1 hadi 5. Utapunguza wapi?

Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia Mjerumani aliyechapisha majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885, alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Awali kuliko hiyo sijui. Émile Durkheim, mwanasosholojia ambaye hata wanasaikolojia humsoma, mwaka 1897 alichunguza kujiua kwa kutegemea takwimu rasmi zilizokwisha kukusanywa. Hiyo ni upili, na hakuna aliyemdharau kwa hilo.

Jingine dogo: aya ya kwanza inasema "data hizi", ya pili "data haya". Shika I-ZI, na urekebishe kabla msimamizi hajafika ukurasa huo.