Ndege na vipepeo wa Kakamega: tatizo ni saa

Dada, umesema mliingia msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, saa sita mchana mkatoka bila kuona ndege wala kipepeo. Saa hiyo ndege wengi wamejificha. Fikeni saa kumi na mbili asubuhi, msimame kimya karibu na mkuyu wenye matunda. Ndege aitwaye shorobo mkubwa wa buluu utamsikia kabla ya kumwona, halafu anakimbia juu ya tawi kama kuku aliyefukuzwa jikoni!

Vipepeo hungoja jua, kuanzia saa tatu hivi. Angalieni matope njiani: hutua kundi zima kunyonya chumvi. Darubini ya kuazima inatosha, ila mwongozaji mlipeni.

Watoto wavae buti, swila wapo. Mtu akiumwa na nyoka, msimchanje jeraha wala kumfunga kamba. Mpelekeni hospitali mara moja.